Kwa nini Norm Cash amempita Lou Gehrig: jibu kwa msomaji wa ligi ya timu za kale

Msomaji mmoja, Mtanzania anayeishi Ohio, ameniandikia kuhusu ligi ya besiboli ya kuigiza ambayo yeye, shemeji yake na wenzao wa kazini wameiendesha kwenye kompyuta. Wamechukua timu nane za kale, kila moja na wachezaji wake wa mwaka uleule uliowapa sifa: Chicago Cubs ya 1906, New York Yankees ya 1927, Philadelphia Athletics ya 1931, Detroit Tigers ya 1961, St. Louis Cardinals ya 1968, Cincinnati Reds ya 1975, Cardinals tena ya 1985, na Yankees ya 1998. Kila timu imecheza mechi 154. Msimu umekwisha na orodha ya vinara imezua ubishi. Norm Cash wa Detroit ameongoza wastani wa kupiga, mbele ya Al Simmons na Lou Gehrig. Bob Gibson ameongoza warushaji, huku Mordecai Brown, ambaye rekodi yake halisi ni bora kuliko ya Gibson, akiruhusu mikimbio (alama inayopatikana mchezaji akizunguka besi zote na kurudi nyumbani) zaidi ya mara mbili ya ile ya 1906. Babe Ruth ameongoza homurani, lakini hakufika 60. Shemeji anasema Brown ameonewa. Msomaji anauliza: "Je, programu imekosea, au sisi ndio hatujui kuisoma? Na tumwamini kinara yupi?"

Ndugu yangu, swali lako ni zuri, na majibu yake hayafanani kwa vinara wote watatu. Kwa Gibson na Brown, programu yenu imefanya kazi yake vizuri. Kwa Cash, imewapa jibu moja kati ya majibu matatu yaliyokaribiana mno. Kwa Ruth, hapo kuna tatizo la kweli la kihesabu ambalo hakuna programu iliyolimaliza kabisa, na ni lazima mkague mipangilio yenu kabla ya kubishana zaidi.

Kwa faida ya wasomaji wengine, wastani wa kupiga ni idadi ya mapigo safi, yaani yale yaliyomfikisha mpigaji kwenye besi, ukigawanya kwa zamu zake za kupiga zinazohesabiwa. Mwenye 0.300 amefanikiwa mara 300 katika kila 1,000. Mrushaji hupimwa kwa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu tisa, yaani mechi kamili, bila kuhesabu ile iliyotokana na makosa ya wenzake uwanjani. Kwa mpigaji, namba kubwa ndiyo sifa. Kwa mrushaji, namba ndogo. Homurani ni pigo linalompa mpigaji nafasi ya kuzunguka besi zote na kurudi nyumbani, mara nyingi kwa sababu mpira umevuka uzio.

Sasa tuanze na watu wawili ambao hawamo kwenye ligi yenu. Mwaka 1930 Bill Terry wa New York Giants alipiga 0.401. Ndiye mchezaji wa mwisho wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani (nyingine ni American League), kuvuka 0.400 katika msimu mzima. Mwaka 1968 Carl Yastrzemski wa Boston aliongoza American League kwa 0.301, wastani mdogo kuliko wa kinara mwingine yeyote katika historia ya ligi kuu. Ukitazama namba hizo mbili peke yake, utasema Terry alikuwa wa daraja jingine kabisa. Lakini mwaka 1930 ligi nzima ya Terry, pamoja na warushaji waliokuwa wakipiga kwa zamu zao, ilipiga 0.303. Philadelphia Phillies ya mwaka huo ilipiga 0.315 kama timu na bado ikapoteza mechi 102. Mwaka 1968 ligi ya Yastrzemski ilipiga 0.230. Ugawanye wastani wa kila mmoja kwa wastani wa ligi yake: Terry anapata 1.32, Yastrzemski 1.31. Waweke wote wawili katika ligi inayopiga 0.260 na Terry anatoka na 0.344, Yastrzemski na 0.340. Pointi 100 za tofauti (pointi moja ni 0.001) zimebaki nne.

Programu ya kuigiza hufanya jambo hilohilo. Haimuulizi mchezaji amepiga ngapi. Inamuuliza amewazidi wenzake wa mwaka wake kwa kiasi gani. Na vipimo vya miaka vilitofautiana kwa sababu zinazojulikana. Mwaka 1906 mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi na laini, na warushaji waliruhusiwa kuupaka mate. Kuanzia 1920 mate yalipigwa marufuku isipokuwa kwa warushaji 17 walioachiwa waendelee, na baada ya Ray Chapman kufariki Agosti mwaka huo kwa kupigwa kichwani na mpira, waamuzi walianza kubadilisha mipira michafu mara kwa mara. Mwaka 1968 kichuguu cha mrushaji, yaani kilima kidogo anaposimama kurusha, kilikuwa na urefu wa inchi 15, karibu sentimita 38, na eneo la straiki, yaani pale ambapo mpira ukipita huhesabiwa dhidi ya mpigaji hata asipoupiga, lilikuwa pana. Mwaka uliofuata kichuguu kilishushwa hadi inchi 10 na eneo likapunguzwa, kwa sababu wapigaji walikuwa wamezidiwa.

Twende kwa Cash. Mwaka 1961 alipiga 0.361 katika ligi iliyopiga 0.256. Uwiano wake ni 1.41. Gehrig wa 1927 alipiga 0.373, lakini ligi yake ilipiga karibu 0.286, hivyo uwiano wake ni 1.30. Ruth mwenyewe alipiga 0.356 mwaka huo, uwiano 1.24. Kwa hiyo si ajabu hata kidogo kwamba Cash amempita Gehrig. Ligi yenu ina wastani wa takriban 0.260 ukichanganya miaka yote minane, na katika ligi ya namna hiyo Cash anatarajiwa kupiga 0.367 na Gehrig 0.339.

Lakini tazama wengine wawili. Al Simmons wa 1931 alipiga 0.390 katika ligi ya karibu 0.278: uwiano 1.40. Willie McGee wa Cardinals ya 1985 alipiga 0.353 katika ligi ya 0.252: uwiano 1.40. Ukiwaweka kwenye ligi ya 0.260, Simmons anapata 0.365 na McGee 0.364. Watu watatu, miaka 54 kati ya wa kwanza na wa mwisho, mmoja akipiga kwenye uwanja wa nyasi na mwingine kwenye zulia la plastiki la St. Louis, na tofauti yao yote ni pointi tatu. Mimi naliona hili kuwa jambo la kuvutia kuliko ubishi wenyewe wa Cash na Gehrig.

Na yupo mtu wa nne ambaye huenda hamkumtazama. Cubs ya 1906 inakumbukwa kwa Tinker, Evers na Chance, walinzi wake watatu wa ndani walioimbwa katika ubeti maarufu wa gazetini. Aliyesimama nao kwenye besi ya tatu, Harry Steinfeldt, hakutajwa kwenye ubeti huo. Mwaka 1906 ndiye aliyepiga vizuri kuliko wenzake wote wa Cubs: 0.327, wakati ligi ilipiga karibu 0.244. Uwiano wake ni 1.34, juu ya Gehrig. Tafuteni jina lake kwenye orodha yenu. Sitashangaa likiwa katika kumi bora.

Hadi hapa nimetumia kugawanya. Kuna michezo mingine ya kuigiza inayotumia kutoa, na hapo kinara hubadilika. Mfano mzuri ni Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu ambao Hal Richman alianza kuuza mwaka 1961. Unarusha dadu tatu. Dadu ya kwanza inachagua safu: ikitoka 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, ikitoka 4 hadi 6 unasoma kadi ya mrushaji. Jumla ya dadu mbili nyingine inakupa mstari wa matokeo. Nusu ya matokeo inatoka kwa mpigaji, nusu kwa mrushaji. Ili Cash apate 0.361 dhidi ya warushaji wa kawaida wa 1961, ambao nusu yao ya kadi inatoa takriban 0.256, nusu yake yeye lazima itoe takriban 0.466. Kwa hesabu hiyohiyo kadi ya Gehrig inatoa 0.460 na ya Simmons 0.502.

Maana yake ni kwamba, ukiondoa wastani wa ligi yake, kinachobaki na mchezaji kwenye kadi ni tofauti yake na ligi, wala si uwiano. Simmons aliizidi ligi yake kwa pointi 112, Cash kwa 105, McGee kwa 101, Gehrig kwa 87, Steinfeldt kwa 83. Ukiiongeza tofauti hiyo juu ya ligi ya 0.260, Simmons atapiga 0.372, Cash 0.365, McGee 0.361, Gehrig 0.347, Steinfeldt 0.343. Kinara sasa ni Simmons, na Gehrig amemrudisha Steinfeldt nyuma yake. Wachezaji ni walewale na rekodi zao ni zilezile. Kilichobadilika ni aina ya hesabu aliyoichagua mtengenezaji wa mchezo miaka mingi kabla nyinyi hamjaununua. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kumtangaza kinara wa kupiga, fungueni maelezo ya programu yenu mjue inagawanya au inatoa.

Mimi nikilazimishwa kuchagua, nachagua kugawanya kwa wastani wa kupiga, kwa sababu ligi ikiwa ngumu kwa wote, kila pointi ya ziada inauma zaidi kuipata. Lakini sioni kwamba tofauti ya Cash na Simmons inatosha mtu kubishania. Bahati peke yake inaizidi mara nyingi. Mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni 0.365, akipewa zamu 600, atayumba kwa pointi 20 hivi juu au chini katika theluthi mbili za misimu, na zaidi ya hapo katika theluthi inayobaki. Hata Gehrig, ambaye kwa kugawanya yuko nyuma ya Cash kwa pointi 28, atampita Cash katika msimu mmoja kati ya sita. Steinfeldt atampita katika mmoja kati ya minne. Mmecheza msimu mmoja. Mkiurudia kesho na kadi zilezile, kinara anaweza kuwa McGee, na hakuna atakayekuwa na haki ya kulalamika.

Kuhusu Cash mwenyewe, kuna jambo la kuongeza. Kabla ya 1961 na baada yake hakuwahi kupiga hata 0.290, mwaka 1962 alishuka hadi 0.243. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alitumia gongo lililotobolewa na kujazwa koki (kitu chepesi cha kutengenezea vizibo) ndani, kinyume cha sheria. Mwaka 1961 pia ndio American League iliongezwa kutoka timu nane hadi kumi, na warushaji ambao jana walikuwa ligi za chini walijikuta ligi kuu. Ligi yenu inachukua mwaka wake bora kabisa na kuufanya ndio yeye. Gehrig, kwa upande mwingine, alikuwa na misimu mingi ya kiwango kile. Hii ndiyo hila ya ligi yoyote ya timu za kale: timu zimechaguliwa kwa sababu zilishinda, na zilishinda kwa sababu wachezaji kadhaa walikuwa na mwaka wa ajabu kwa pamoja. Mnapanga mechi kati ya vilele, na aliyekuwa na kilele kimoja anasimama sawa na aliyekuwa na safu ya milima.

Sasa warushaji, na hapa naomba shemeji anisikilize kwa makini, kwa sababu ana hoja lakini hoja yake inaishia njiani. Rekodi ya Brown ya 1906 ni 1.04. Ya Gibson ya 1968 ni 1.12. Ligi ya Brown iliruhusu wastani wa 2.62, ya Gibson 2.99. Gawanya: Brown aliruhusu asilimia 40 ya wastani wa ligi yake, Gibson asilimia 37. Ukichukua wastani wa ligi nane mlizochanganya, unapata takriban 3.75. Katika mazingira hayo Gibson anatarajiwa kuruhusu 1.40, Brown 1.49, Lefty Grove wa 1931 anatarajiwa 1.76, na John Tudor wa 1985 anatarajiwa 2.02. Hiyo ni kabla hatujahesabu kwamba sasa hawakutani tena na timu dhaifu. Kila jioni wanakutana na Ruth na Gehrig, au Simmons na Foxx, au Joe Morgan na Pete Rose. Yankees ya 1927 ilicheza na St. Louis Browns mara 22 na kushinda mara 21. Katika ligi yenu hakuna Browns. Brown kupanda zaidi ya mara mbili ni jambo la kutarajiwa kabisa, na Gibson naye bila shaka amepanda.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niamini Gibson anastahili kuwa mbele. Brown hakuwa peke yake Chicago. Jack Pfiester aliruhusu 1.51 mwaka huo, Ed Reulbach 1.65, na timu nzima 1.75. Warushaji watatu wa kiwango hicho wakitoka timu moja, mtu mwenye macho lazima aangalie walinzi waliokuwa nyuma yao. Cubs ile ilishinda mechi 116 na kupoteza 36, na ulinzi wake ulikuwa sehemu kubwa ya hesabu hiyo. Cardinals ya 1968 nayo ilikuwa na ulinzi mzuri, Curt Flood akiwa katikati ya uwanja wa nje, lakini timu nzima iliruhusu 2.49. Gibson aliruhusu chini ya nusu ya timu yake mwenyewe. Brown aliruhusu karibu asilimia 60 ya timu yake. Gibson alimaliza mechi 13 bila mpinzani kupata mkimbio hata mmoja, na mwaka uliofuata, kama nilivyosema, kichuguu kikashushwa.

Simdharau Brown. Alikatwa kidole na mashine ya kukatia malisho shambani akiwa mtoto, na mkono ule ukaupa mpira mkunjo ambao wapigaji wa zama zake waliuogopa. Ila kwa kipimo cha umbali kutoka kwa wenzake, Gibson yuko mbele kidogo. Na kama siku moja mtaongeza Boston Red Sox ya 2000, ambayo haikuwa timu kubwa, Pedro Martínez atawapita wote wawili: aliruhusu 1.74 katika ligi iliyoruhusu 4.91, yaani asilimia 35. Wa pili katika American League mwaka ule, Roger Clemens, alikuwa na 3.70. Namba ya Pedro ndiyo kubwa kuliko zote tatu, na ndiyo bora kuliko zote tatu.

Kwa Ruth mambo yanakuwa magumu, na hapa ndipo ningependa mtumie muda wenu. Mwaka 1927 American League nzima ilipiga homurani 439. Ruth alipiga 60 kati ya hizo, zaidi ya homurani moja katika kila nane. Hakuna timu nyingine kati ya saba zilizobaki iliyofika 60. Athletics, waliokuwa karibu zaidi, walipiga 56. Wastani wa timu ulikuwa kama 55. Linganisha na Barry Bonds mwaka 2001, aliyepiga 73, rekodi inayosimama hadi leo: ligi yake yenye timu 16 ilipiga zaidi ya 2,900, kama 184 kwa kila timu.

Ukitumia kugawanya kama tulivyofanya kwa wastani wa kupiga, Ruth aliifikia timu nzima na kuipita kidogo. Mpeleke kwenye ligi ya Bonds kwa uwiano huo na utapata homurani 200 kwa msimu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeamini hivyo. Kugawanya kunafanya kazi pale ambapo wachezaji wote wanajaribu kufanya jambo lilelile kwa viwango tofauti. Mwaka 1927 wengi wa wapigaji wa American League hawakuwa wakijaribu kupiga homurani. Walikuwa wamefundishwa mchezo wa zamani, wa kuugusa mpira na kukimbia. Ty Cobb aliongoza ligi mwaka 1909 kwa homurani tisa, na zote tisa alizipata kwa kukimbia mpira ukiwa bado ndani ya uwanja. Ruth alikuwa amegundua kazi nyingine, na Gehrig, aliyepiga 47 mwaka huo, alikuwa wa kwanza kuijifunza sawasawa. Ukimpima mgunduzi kwa watu ambao hawajaanza kazi hiyo, kipimo kinapasuka.

Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka dari juu ya marekebisho ya homurani, au hawazirekebishi kabisa. Naona programu yenu iko upande wa pili, na hapo kosa linakwenda kinyume. Ruth anapokutana na Brown na wenzake wa 1906, kadi zao hazina karibu homurani yoyote, kwa sababu mwaka wao mpira haukuruka. Programu inauhesabu uzito wa mpira ule kama ustadi wa warushaji, na nafasi za Ruth zinafia hapo. Gibson naye aliruhusu homurani 11 tu katika awamu 304, na sehemu ya uchache huo ni sifa yake kweli, sehemu ni ya 1968. Mkiwa na kitufe cha kurekebisha zama, hakikisheni kinarekebisha warushaji pia, siyo wapigaji peke yao. Kama hakipo, msiwafananishe kabisa Ruth na wachezaji wa 1998 kwa homurani.

Hata hivyo, kutofika 60 peke yake si ushahidi wa kosa. Ruth alikuwa na zamu 691 mwaka 1927. Mrudishie msimu uleule, dhidi ya warushaji walewale, na kwa bahati tu atapiga kati ya 45 na 75 katika misimu 19 kati ya kila 20. Uwanja nao mara nyingi hulaumiwa bila sababu. Ni kweli uzio wa kulia wa Yankee Stadium ulikuwa futi 295 tu kutoka nyumbani, kama mita 90, na Ruth alipiga kwa mkono wa kushoto. Lakini kati ya zile 60, alipiga 28 nyumbani na 32 ugenini.

Vinara waliobaki sitawachelewesha. Kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri pigo, ni kwa Vince Coleman wa 1985, aliyeiba 110 na kukamatwa 25, na ikiwa kuna mtu mwingine juu yake basi mmempa kocha wa kompyuta maagizo mabaya. Ushindi wa warushaji ni kipimo ambacho ningekitoa kwenye orodha kabisa: Grove alishinda 31 na kupoteza 4 mwaka 1931 akiwa na timu iliyoshinda 107, wakati Gibson alipoteza mechi tisa mwaka aliokuwa hagusiki, kwa sababu Cardinals hawakumpatia mikimbio. Katika ligi yenu timu nane zote zilizoea kushinda, na wastani wa ushindi ni lazima uwe 77. Kuna timu ambayo ilishinda zaidi ya mechi 100 katika maisha yake halisi na sasa inaburuza mkia.

Wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu wasomeni kwa tahadhari. Mwaka 1927 Ruth aliongoza American League kwa kutolewa mara 89, na siku hizi wapigaji wa kawaida wanaizidi idadi hiyo kila mwaka. Joe Sewell alitolewa mara nne tu katika msimu mzima wa 1925. Gibson akikutana na watu wa kizazi hicho, idadi yake ya wapigaji 268 aliowatoa kwa straiki itashuka, na hiyo haitakuwa dalili ya udhaifu wake.

Mnachoweza kufanya sasa ni hiki. Iacheni kompyuta icheze msimu huohuo mara 100, na badala ya kuandika nani aliongoza, andikeni kila mtu alipata wastani gani kwa misimu yote na aliongoza mara ngapi. Kuyumba kwa pointi 20 kutashuka hadi pointi mbili, na mtaona kama Cash kweli yuko juu ya Simmons kwenye programu yenu au alibahatika. Wekeni pia kiwango cha chini cha kushindania taji, kama ligi kuu inavyofanya: zamu 3.1 kwa kila mechi ya timu, yaani 477 kwa mechi 154, na kwa mrushaji awamu moja kwa kila mechi. Bila hicho, siku moja mchezaji wa akiba aliyepiga mara 40 ataongoza orodha.

Na kuna timu moja ambayo ningependa mwiongeze. Timu zenu tatu za mwanzo zilicheza katika ligi zilizowafungia mlango wachezaji weusi. Mlango huo ulifunguliwa na Jackie Robinson mwaka 1947. Kwa hiyo wastani wa ligi ambao tumemgawanyia Gehrig, Simmons na Brown ulikuwa wa ligi isiyo kamili, na sehemu ya umbali wao kutoka kwa wenzao ilitokana na wenzao waliozuiwa kuingia. McGee wa 1985 hakupata msaada huo. Hii ndiyo sababu, katika wale watatu waliofungana, mimi moyo wangu uko kwa McGee. Desemba 2020 Major League Baseball ilizitambua ligi za weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zao ziliingizwa rasmi kwenye vitabu. Josh Gibson wa Homestead Grays alipiga 0.466 mwaka 1943, na ndiye sasa mwenye wastani mkubwa wa maisha kuliko wote, 0.372. Grays walitwaa ubingwa mwaka huo.

Mkiwaingiza, kumbukeni kwamba msimu wao wa ligi ulikuwa mfupi: rekodi ya Josh Gibson ya 1943 inatokana na mechi zisizofika 80, kwa hiyo kadi yake inabeba bahati nyingi kuliko ya Gehrig. Njia ya haki ni kuchukua misimu yake mitatu au minne kwa pamoja na kutengeneza kadi moja, na kufanya vivyo hivyo kwa Cash. Kisha mwendeshe misimu 100 upya, mnitumie orodha.